PICHA HUSEMA HATA ISIPOULIZWA

Mhariri wa jarida hili aliniomba nimwandikie shairi kama nilivyofanya mwaka uliopita. Nikamjibu, "Mhariri, mwaka huu shairi sina. Nina kisa cha picha, na ndani ya kisa hicho mna somo la tarakilishi. Ukikubali nitaandika, ukikataa basi." Akakubali, ila alinionya nisije nikawachosha watu kwa maneno ya mitambo. Nitajaribu.

Kisa chenyewe kilitokea likizo ya Desemba, nilipokuwa nimemaliza Kidato cha Pili. Nina shangazi, dada mdogo wa baba. Aliolewa, akapigwa, akavumilia, akapigwa tena, hadi usiku mmoja akambeba mtoto wake mgongoni na kuondoka na mfuko mmoja wa nguo. Alihamia mji mwingine kabisa. Mji huo sitautaja, na nadhani ukisoma mbele kidogo utajua ni kwa nini. Huko alipata kazi ya kushona nguo katika duka la mtu, akakodi chumba kimoja katika ploti, na mtoto akaanza shule ya nasari. Kati ya watu wa zamani, waliojua alipo walikuwa watatu tu: baba, mama na mimi. Hata nyanya hakuambiwa. Si kwa ubaya, la hasha! Nyanya anaishi kule kijijini karibu na yule bwana, na mzee akibanwa kwa maswali hana pa kujificha.

Desemba hiyo nilikwenda kukaa kwa shangazi majuma mawili. Nyanya naye kila akipiga simu ni malalamiko: "Huyu mjukuu wangu nitamwona lini? Hata sura yake naisahau." Basi siku ambayo mtoto alihitimu nasari, akiwa amevaa joho jekundu na kofia yake bapa utadhani profesa, nikampiga picha mlangoni mwa chumba chao. Ilitoka safi, aisee! Nikaamua kuituma kwa binamu yangu wa kijijini ili aipeleke studio pale sokoni ikasafishwe, nyanya apate ya kutundika ukutani.

Hapo ndipo nilipojifanya mjuzi. Nilijua kwamba WhatsApp huziminya picha zikafika zikiwa hafifu. Kwa hivyo badala ya kuituma kama picha, niliituma kama hati, jinsi mtu anavyotuma barua au fomu, ili ifike nzima. Binamu akanijibu pale pale, "Manze, iko klia!" Ikasafishwa, ikatiwa fremu, nyanya akapiga vigelegele. Nami nikajipiga kifua.

Majuma matatu baadaye, nikiwa nimesharudi nyumbani, tulipigiwa simu. Jumapili asubuhi shangazi alifungua mlango kwenda kuteka maji, akamkuta yule bwana amesimama pale pale mtoto aliposimama kwenye picha. Shangazi alirudi ndani na kufunga. Yule bwana akaupiga mlango mateke mpaka komeo likang'oka. Yaliyofuata si ya kuandikwa katika jarida la shule. Majirani walitoka wakamwokoa, mwenye ploti akaita polisi, na usiku ule ule shangazi akahama tena. Kazi ikaenda. Nasari ikaenda. Joho jekundu lilibaki kwenye kamba ya nguo.

Lililonichoma moyo ni maneno aliyosema yule bwana mbele ya majirani: "Mlidhani mtanificha? Picha ndiyo iliyonileta." Binamu alipoulizwa alikiri huku akilia. Yule bwana alimsimamisha sokoni, akamwambia hana nia mbaya, anachotaka ni picha ya mwanawe tu. Binamu akamwonea huruma, akamtumia faili ile ile niliyomtumia mimi.

Sasa tafakari. Picha ile haikuwa na jina la mji. Haikuwa na jina la shule wala la mtaa. Nyuma ya mtoto palikuwa na mlango wa mabati uliopakwa rangi ya samawati, na kando yake beseni. Milango ya namna hiyo Kenya hii iko mingapi? Alijuaje?

Swali hilo nilikwenda nalo shuleni muhula wa kwanza, nikalipeleka kwa mwalimu wetu wa Kompyuta. Hakunihubiria, na hilo namshukuru. Aliniambia tu, "Siku ya wazazi mwambie mama akuletee picha yenyewe katika flashi." Siku ilipofika, mwalimu aliichomeka flashi katika tarakilishi ya maabara, akabofya mara mbili tatu, kisha akageuza kioo kikanielekea. Palikuwa na orodha ndefu. Aina ya simu. Tarehe. Saa, dakika na sekunde. Halafu mistari miwili ya tarakimu. Mwalimu akazinakili tarakimu zile kwenye ramani ya mtandaoni, na ramani ikakimbia, ikakimbia, ikaenda kutua juu ya paa la ile ploti. Nilihisi tumbo likinikata.

Naam, sasa tuingie katika somo.

Nyumbani kwenu bila shaka kuna picha za zamani za karatasi. Chukua moja uigeuze. Mara nyingi utakuta mtu ameandika nyuma yake kwa kalamu: "Mombasa, Krismasi 1987," au "Siku ya harusi ya dada." Mbele kuna sura za watu, mgongoni kuna habari za ile picha. Picha ya simu nayo ina mgongo, ila wewe huuoni, na simu yenyewe ndiyo inayoandika bila kukuuliza kila mara. Maandishi hayo ya mgongoni wataalamu wanayaita metadata, yaani data inayoeleza data nyingine. Yanakaa ndani ya faili ile ile ya picha. Picha ikienda, nayo yanaenda.

Walioweka utaratibu huu hawakuwa na nia ya kumsaka mtu. Kanuni za kuandika habari hizo, zinazojulikana kwa jina la Exif, zilichapishwa mara ya kwanza nchini Japani mwaka 1995 na chama cha watengenezaji wa vyombo vya elektroniki. Walitaka kamera za kampuni mbalimbali na mashine za kuchapisha zielewane. Mpiga picha naye anafaidika: anaweza kurudi kutazama kamera ilifunguliwa kwa muda gani, mwanga uliingia kiasi gani, taa ya kamera iliwaka au haikuwaka. Hata simu yako ikikupangia picha za Pasaka mahali pamoja na za Krismasi mahali pengine, ni kwa sababu imesoma mgongoni. Kwa hivyo sisemi kwamba metadata ni kitu kibaya. Jina la mtu na kijiji chake si siri vilevile, ila huwezi kuvibandika kwenye paji la uso ukatembea navyo mjini.

Yenye hatari kubwa ni ile mistari miwili ya tarakimu. Hapa wenzangu wa Jiografia watafurahi. Simu ina kipokezi kinachosikiliza setelaiti za mfumo wa GPS, na kutokana na ishara zake kinapiga hesabu ya latitudo na longitudo ya mahali ulipo. Katikati ya Nairobi, kwa mfano, ni digrii 1 na dakika 17 kusini, digrii 36 na dakika 49 mashariki. Sisi tulio karibu na ikweta hesabu yetu ni rahisi: digrii moja ni kilomita 111 hivi. Igawe kwa 60 upate dakika moja: kilomita moja na mita 850 hivi. Dakika nayo igawe kwa 60 upate sekunde moja: mita 31. Simu haiishii kwenye sekunde nzima, inaandika na sehemu za sekunde. Uwanjani pasipo na kizuizi inaweza kukosea kwa mita chache tu. Umbali huo, mpenzi msomaji, ni kama kutoka mlango wa bweni hadi kwenye kamba ya nguo.

Tena kuna herufi moja ndogo kando ya latitudo inayosema kama ni kaskazini au kusini. Nilimwuliza mwalimu ingekuwaje kama ingesomwa vibaya. Akacheka, akachukua tarakimu zile za Nairobi akazigeuza ziwe kaskazini, na ramani ikaturusha hadi Samburu, si mbali sana na Maralal. Laiti herufi ile ingeandikwa vibaya kwenye picha yangu!

Wengi mnafikiri kwamba ukiwa huna bando, simu haijui ulipo. Ndivyo nilivyofikiri hata mimi. Kumbe setelaiti hazidai bando. Intaneti inahitajika kuchora ramani, lakini tarakimu zenyewe simu inaweza kuzipata huku salio ni sufuri, mradi huduma ya mahali imewashwa na kamera imeruhusiwa kuitumia. Na iliruhusiwa lini? Siku ile simu ilipokuwa mpya. Kamera ilipofunguliwa mara ya kwanza iliuliza swali, nawe kwa pupa ya kujipiga picha ukabonyeza "kubali." Baada ya hapo kimya.

Usidhani ni sisi wa shule tu tunaonaswa. Mwaka 2012 John McAfee, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya programu za kuzuia virusi vya tarakilishi, alikuwa amejificha. Polisi wa Belize, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, walitaka kumhoji juu ya kifo cha jirani yake. Waandishi wa jarida la Vice walikuwa pamoja naye, na mwezi wa Desemba wakaweka mtandaoni picha yake, iliyopigwa kwa simu ya iPhone, wakijigamba kwamba wako naye. Picha ilikuwa na mgongo wake wote. Wasomaji wakaugeuza, wakaona yupo Guatemala. Siku chache baadaye alikuwa mikononi mwa polisi wa Guatemala kwa kosa la kuingia nchini isivyo halali. Kama mtu aliyetajirika kwa kuzilinda tarakilishi za wengine aliponzwa na picha moja, mimi wa Kidato cha Pili ningeponea wapi?

Na jeshi je? Mwaka huo huo wa 2012 jeshi la Marekani lilieleza kisa cha mwaka 2007 huko Iraki. Helikopta mpya za kivita aina ya Apache zilipowasili kambini, askari walizipiga picha wakaziweka mtandaoni. Adui alipata humo mahali hasa helikopta zilipoegeshwa, akarusha makombora, nne zikateketea.

Basi turudi kwenye kosa langu, maana ndiko kuna somo kubwa. Kosa halikuwa kupiga picha. Wala halikuwa kuituma tu. Lilikuwa ni njia niliyoichagua. Picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, ile ya picha, inaminywa na kuandikwa upya, na mahali ilipopigwa panaachwa njiani. Inafika mbovu kidogo lakini mgongo wake mtupu. Ikitumwa kama hati, haiguswi hata kidogo. Inafika jinsi ilivyotoka, na maandishi yake yote. Ndivyo ilivyo pia ukiituma kwa barua pepe, ukiihamisha kwa bluututhi, ukiinakili kwenye flashi, au ukimpa mtu kadi ya kumbukumbu ya simu yako. Kwa kifupi, kila njia inayohifadhi uzuri wa picha inahifadhi na umbea wake.

Facebook na Instagram huondoa mahali kwenye nakala ambayo watu wengine wanaiona. Lakini kumbuka, wenye mitandao hiyo wao wameipokea ikiwa nzima kabla ya kuinyoa. Na tovuti si zote zinazonyoa. Mtu akiuza kiti chake au baiskeli yake katika tovuti fulani asiyoijua vizuri, asitegemee kwamba kuna mtu atakayemfutia.

Hivyo ni heri kufuta mwenyewe. Hapa niseme jambo linalonichekesha kidogo: zamani, "kusafisha picha" ilikuwa ni kuitoa kwenye filamu studioni, na mpaka leo nyanya anasema hivyo. Siku hizi kusafisha kumepata maana ya pili.

Dawa ya kwanza ni kuziba kisima kabla mtoto hajatumbukia. Fungua mipangilio ya kamera ya simu utafute palipoandikwa habari za mahali, uzime. Katika simu nyingi za Android ni mumo humo ndani ya kamera. Katika iPhone unakwenda kwenye mipangilio ya faragha, ukifika kwa huduma za mahali unaitafuta kamera na kuikataza kabisa. Kuanzia hapo picha mpya hazitaandikwa tarakimu zile. Lakini sikiliza vizuri: za zamani bado ziko nazo! Rafiki yangu mmoja alizima, akapumua, kisha akaenda kutuma ya mwaka juzi.

Kwa picha za zamani, mwenye iPhone, tangu mwaka 2019, anaweza kuondoa mahali wakati wa kutuma: akishabonyeza kutuma, juu ya skrini kuna machaguo, na humo pana kitufe cha mahali cha kuzima. Mwenye tarakilishi ya Windows, kama zile za maabara yetu, aiweke kipanya juu ya faili ya picha, abofye kwa kitufe cha kulia, achague mstari wa mwisho unaoonyesha sifa za faili, kisha aende kwenye maelezo. Pale chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo nina hakika wengi wenu hamjawahi kuyasoma, kuna pa kuondoa sifa na habari za kibinafsi. Ukibofya unaulizwa: nikutengenezee nakala isiyo na sifa, au nifute katika faili hii hii? Chagua nakala. Ya asili iache ilivyo.

Mwalimu yeye anapenda programu iitwayo ExifTool, iliyotungwa na Phil Harvey na inayopatikana bila malipo. Haina madoido, unaandika amri kwenye kioo cheusi:

exiftool -all= picha.jpg

Alama ile ya usawa haifuatwi na kitu, maana yake "kila kitu kiwe si kitu." Ina uwezo wa kusafisha picha mia kwa mpigo. Ila ina mtego wake, nami nimeshauingia. Ikimaliza, inaacha kando ile faili ya zamani ikiwa na neno "original" mwishoni mwa jina. Mara ya kwanza nilisafisha kabati zima la picha, kisha nikalinakili lote kwenye flashi, chafu na safi pamoja! Mwalimu aliniangalia tu.

Jambo jingine litakalokushangaza: picha nyingine ikisafishwa inalala ubavu. Usidhani umeiharibu. Simu ikishikwa wima, mara nyingi huhifadhi picha kama ilivyo kisha ikaandika mgongoni, "nigeuzeni hivi." Ukifuta maandishi yote umefuta na agizo hilo. Igeuze mwenyewe, uihifadhi, yaishe.

Asiye na tarakilishi wala subira afungue picha kwenye simu, aipige picha skrini yenyewe, kisha atume hiyo. Nakala ya namna hiyo haibebi tarakimu za kamera. Inapoteza ung'aavu, ndiyo, na tarehe yake ya kutengenezwa itakuwepo, lakini kwa mtu aliye na haraka inatosha.

Jina la faili nalo lina domo. Simu nyingi huipa picha jina lenye mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, zote zikiwa zimeshikana kama treni. Hata WhatsApp huandika tarehe. Unaweza kufuta mgongo wote ukabaki na tarehe kwenye jina. Na ukiikata picha ili kumwondoa mtu aliye pembeni, kuna programu ambazo huacha ndani ya faili kijipicha kidogo cha ile ya kwanza, na yule uliyemkata yumo bado anatabasamu. Kwa hivyo kata kwanza, safisha baadaye, kisha fungua maelezo utazame kwa macho yako.

Lakini hakuna programu itakayokufutia sare ya shule yenye beji kifuani. Hakuna itakayoondoa namba ya gari, kibao cha duka au mnara wa msikiti nyuma yako. Hizo ni za kutazama kabla ya kubonyeza. Sisi wanafunzi tuna mtindo wa kusimama chini ya lango la shule, jina lote juu ya vichwa vyetu, halafu tunataka siri. Siri gani?

Pia si kila picha ni ya kusafishwa, na hili nililijifunza kwa shangazi mwenyewe. Alipokwenda kuandikisha habari zake kituoni, aliulizwa tukio lilikuwa lini na saa ngapi. Jirani mmoja alikuwa amepiga picha za ule mlango uliong'olewa komeo. Mgongoni mlikuwa na tarehe, saa na mahali, kila kitu. Hizo hatukuzigusa, zilihifadhiwa zilivyo, na nakala zikawekwa kwingine. Maandishi yale yale yaliyomwumiza ndiyo yaliyomtetea. Ndiyo maana nasema safisha nakala, usisafishe ya asili.

Labda utauliza sheria yasemaje. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inataja hata data ya mahali mtu alipo kuwa miongoni mwa habari zinazoweza kumtambulisha. Kwa watoto sheria hiyo inataka idhini ya mzazi au mlezi. Msidhani ni maneno ya vitabuni: mwezi wa Septemba 2023 afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila idhini ya wazazi. Milioni nne na nusu! Mhariri aliposikia hivyo alitoka mbio kwenda kuandika fomu za idhini kwa ajili ya picha ya chama iliyo katika jarida hili. Kama ulitia sahihi huku ukinung'unika, sasa unajua ilitoka wapi.

Binamu yangu tulisameheana, ingawa ilichukua muda. Yeye hakujua, nami sikujua, na mimi ndiye niliyeituma kwanza. Aliniuliza kama angeweza kuifuta ile aliyompa yule bwana. Nikamwambia haiwezekani, faili ikishaingia kwenye simu ya mtu ni yake. Tarakimu zile bado anazo, ila siku hizi zinaelekeza kwenye chumba ambacho kina mpangaji mwingine.

Shangazi yuko salama. Mimi sijui anaishi wapi. Baba anajua, nami sikuuliza. Likizo ya Agosti iliyopita ilifika picha ya mtoto, kupitia kwa baba, akiwa na meno mawili yaliyong'oka mbele na sare ambayo beji yake imefunikwa kwa daftari. Niliigeuza kwanza nikatazama mgongoni. Mahali: patupu. Saa: hakuna. Jina la faili lilikuwa neno moja tu, "mtoto." Nikaipeleka mwenyewe studio pale sokoni ikasafishwe, kwa ile maana ya zamani, na nyanya akaitundika kando ya ile ya joho jekundu.